Wilhelm His: Mswisi aliyeukata mwili vipande vyembamba ili aujenge upya

Katika maabara ya hospitali kubwa, mtaalamu huketi mbele ya mashine isiyozidi ukubwa wa cherehani. Anazungusha gurudumu kwa mkono mmoja, na kwa kila mzunguko kipande cha nyama ya mwili kilichozamishwa ndani ya nta kinashuka juu ya makali ya kisu na kuacha utando mwembamba kuliko unywele. Utando huo unaelea juu ya maji ya uvuguvugu, unaopolewa kwa kipande cha kioo, unatiwa rangi, kisha unawekwa chini ya hadubini. Hapo ndipo daktari anapoweza kusema kama uvimbe uliotolewa kwa mgonjwa ni saratani au si saratani.

Mashine hiyo huitwa mikrotomu. Haikubuniwa na mtu mmoja kwa siku moja, lakini aliyeigeuza kutoka kifaa cha mafundi wachache kuwa msingi wa elimu nzima ya mwili ni Wilhelm His, mtaalamu wa anatomia aliyezaliwa nchini Uswisi na kufariki dunia nchini Ujerumani mwaka 1904. Habari za maisha yake ni habari za mtu aliyeshikilia jambo moja kwa miaka arobaini: kwamba anayetaka kueleza jinsi mwili unavyoumbwa hana budi kuukagua wote, kipande kwa kipande, bila kuruka hata kimoja.

Jina jipya la ukoo wa zamani

His alizaliwa mjini Basel tarehe 9 Julai 1831, katika familia ya wafanyabiashara wenye uwezo. Jina lenyewe la ukoo lilikuwa geni. Babu yake mzaa baba, Peter Ochs, alikuwa mwanasiasa mashuhuri aliyeandika rasimu ya kwanza ya katiba ya Jamhuri ya Helvetia mwaka 1798, wakati majeshi ya Ufaransa yalipoingia Uswisi. Wananchi wengi walimwona kuwa kibaraka wa wageni, na baada ya utawala huo kuanguka jina la Ochs likawa mzigo kwa watoto wake. Mwaka 1818 wanawe waliliacha wakachukua jina la bibi mmoja wa ukoo wao, nalo ni His. Mjukuu alikua akiwa na jina fupi lisilo na lawama, katika mji ambao haukuwa umemsahau babu.

Alisomea udaktari Basel, Bern, Berlin na Würzburg. Mjini Berlin alimsikiliza Johannes Müller, aliyekuwa mwalimu wa kizazi kizima cha wanasayansi wa Ujerumani, na pia Robert Remak, aliyechunguza matabaka ya mwanzo ya kiinitete. Mjini Würzburg aliwakuta Albert Kölliker na Rudolf Virchow, wakati ambapo Virchow alikuwa akijenga hoja yake kwamba ugonjwa uchunguzwe katika seli. Miaka hiyo ya katikati ya karne ya 19 hadubini zilikuwa zimeboreshwa sana, na kila kijana mwenye macho makali aliamini kwamba siri ya uhai ilikuwa karibu kufichuka.

Mwaka 1854 alipata shahada ya udaktari. Utafiti wake wa kwanza mkubwa ulihusu konea, utando unaong'aa mbele ya jicho. Mwaka 1857, akiwa na umri wa miaka 26, aliteuliwa kuwa profesa wa anatomia na fiziolojia katika Chuo Kikuu cha Basel. Huko, mwaka 1865, alipendekeza neno endotheli kwa ajili ya tabaka jembamba la seli linalotandaza ndani ya mishipa ya damu. Neno hilo linatumiwa na madaktari wa moyo duniani kote hadi sasa.

Mkono usiotosha

Kioo cha hadubini peke yake hakikutosha. Mwanga hauna budi kupita ndani ya kitu kinachotazamwa, na ini, ubongo au kiinitete cha kuku havipitishi mwanga mpaka vikatwe vyembamba mno. Kwa muda mrefu kazi hiyo ilifanywa kwa wembe ulioshikwa mkononi. Mtafiti alilowanisha makali kwa kileo, akapumua taratibu, akavuta. Mwenye bahati alipata kipande kimoja kizuri kati ya vingi vilivyochanika. Vilivyoharibika vilitupwa.

Vifaa vya kusaidia mkono vilikuwapo kabla yake. Tangu karne ya 18 mafundi wa Uingereza walikuwa wakitengeneza mashine ndogo za kukatia vipande vya mbao kwa ajili ya hadubini, na mjini Breslau, katika maabara ya Jan Purkyně, kifaa cha namna hiyo kilitumika mnamo miaka ya 1830 na 1840. Hata hivyo wataalamu wengi waliendelea kuamini wembe na ustadi wa vidole vyao, na baadhi yao waliona fahari kuwa na mkono usiotetemeka.

His alikuwa na haja tofauti. Kuanzia miaka ya 1860 alijitosa katika uchunguzi wa kiinitete cha kuku, tangu yai linapoatamiwa hadi umbo la kifaranga linapoanza kuonekana. Katika saa za mwanzo kiinitete ni kitabaka kidogo juu ya kiini cha yai. Kisha kitabaka hicho kinajikunja, kinajipinda, kinafunga mirija, na katika mikunjo hiyo hutokea ubongo, moyo na utumbo. Kipande kimoja kizuri kilichokatwa katikati hakimwambii mtazamaji mkunjo umeanzia wapi na umeishia wapi. Alihitaji vipande vyote, kutoka kichwani hadi mkiani, kila kimoja kikiwa na unene unaojulikana na nafasi yake katika safu. Kilichotupwa na mkono wa fundi wa wembe ndicho hasa alichokihitaji.

Kati ya mwaka 1865 na 1866 aliunda mikrotomu yake, akaieleza kwa maandishi mwaka 1870. Muundo wake ulikuwa rahisi kueleweka. Kitu cha kukatwa kilibanwa imara. Parafujo ya mikromita, yenye meno madogo sana, ilikisogeza mbele kwa kiasi kidogo kilichopimwa. Kisu nacho kilipita juu yake kwa kufuata njia iliyonyooka, bila kutegemea mwelekeo wa kiganja. Baada ya kila mkato parafujo ilizungushwa tena kwa kiasi kilekile. Hivyo basi, vipande vilifuatana kama kurasa za kitabu, na mtafiti alijua umbali kati ya ukurasa mmoja na unaofuata.

Jambo hili la mwisho ndilo lililobadili mambo. Wembefu ulikuwa umeweza kupatikana hapo kabla, kwa mwenye mkono mwepesi. Mpangilio kamili haukuwa umepatikana.

Kutoka kurasa hadi umbo

Mwaka 1868 His alichapisha kitabu kikubwa kuhusu mwanzo wa mwili wa wanyama wenye uti wa mgongo. Ndani yake alieleza ukuaji wa kifaranga kwa undani ambao haukuwa umefikiwa, pamoja na ukanda wa seli uliopo kando ya mrija wa neva ambao baadaye ulitambuliwa kuwa chanzo cha sehemu kubwa ya neva za mwili na hata cha seli zinazoipa ngozi rangi yake.

Kazi haikuishia katika kukata. Kila kipande kilichorwa kwa vipimo, kikiwa kimekuzwa kwa kiwango kilekile. Kisha His alirudi nyuma: kutokana na michoro hiyo iliyopangwa alijenga upya umbo zima, kwanza kwa mistari kwenye karatasi, halafu kwa nta. Mjini Freiburg mchongaji wa nta Adolf Ziegler alitengeneza mifano mikubwa kwa kufuata kazi ya His, na mifano hiyo ikauzwa kwa vyuo vya nchi nyingi. Mwanafunzi ambaye hakuwahi kuona kiinitete chenye urefu wa milimita chache aliweza kushika mkononi moyo wake, ukiwa mkubwa kama embe.

Alipoona jinsi tabaka bapa linavyokuwa mwili, alianza kuuliza swali ambalo wenzake wachache waliuliza. Ni nguvu gani inayolikunja? Jibu lake lilikuwa la kimakanika: sehemu moja ya tabaka inakua haraka kuliko jirani yake, na kwa kuwa zimeshikamana, tabaka halina budi kupinda. Ili kuwaeleza wasikilizaji alitumia mifano ya vitu vya kawaida kama mrija wa mpira unaobonyezwa na karatasi inayokunjwa. Wapo waliomcheka kwa sababu hiyo.

Mwaka 1872 Chuo Kikuu cha Leipzig kilimwita kushika kiti cha anatomia, akahamia Ujerumani moja kwa moja. Miaka mitatu baadaye taasisi mpya ya anatomia ilifunguliwa mjini humo chini ya uongozi wake. Nafasi ya kufundisha fiziolojia aliyoiacha Basel ilichukuliwa na mpwa wake, Friedrich Miescher. Huyu ndiye ambaye mwaka 1869, mjini Tübingen, alitenga kutoka kwenye usaha wa bandeji kitu alichokiita nukleini, ambacho leo kinajulikana kwa jina la DNA. Mjomba ndiye aliyekuwa amemtia moyo aichunguze kemia ya seli, akiamini kwamba maswali ya mwisho kuhusu tishu yangejibiwa huko. Miescher alipofariki dunia mwaka 1895, His aliyekusanya na kuchapisha maandishi yake.

Ugomvi wa picha

Mtu aliyemcheka kwa sauti kubwa kuliko wengine alikuwa Ernst Haeckel wa Jena, mwanabiolojia mwenye wasomaji wengi na mtetezi mkuu wa mawazo ya Charles Darwin nchini Ujerumani. Haeckel alifundisha kwamba kiinitete kinapokua hupitia kwa kifupi hatua zote za mababu zake wa kale. Kwake, historia hiyo ilitosha kuwa maelezo. Kumuuliza ni nguvu gani inayokunja tabaka kulikuwa ni kuuliza swali dogo.

Katika kitabu cha Haeckel cha mwaka 1868 zilichapishwa picha tatu zilizodaiwa kuwa za viinitete vya mbwa, kuku na kasa, ili kuonyesha jinsi wanavyofanana. Ludwig Rütimeyer, aliyekuwa mwenzake His mjini Basel, aligundua kwamba picha zote tatu zilikuwa chapa ya kibao kimoja. Mwaka 1874 His alilirudia shitaka hilo katika kitabu chake kwa wasomaji wa kawaida, akaongeza kasoro nyingine alizoziona katika michoro ya Haeckel. Kwa mtu aliyekuwa akipima kila mstari kwa mikromita, mchoro uliorefushwa hapa na kufupishwa pale ili kuunga mkono hoja haukuwa kosa dogo. Alihukumu kwamba mtu anayefanya hivyo amejitoa mwenyewe katika safu ya watafiti wa kuaminika.

His hakupinga wazo la mageuzi ya viumbe. Alichokipinga ni tabia ya kutumia historia ndefu ya mababu kama kifuniko cha jambo ambalo halijachunguzwa. Haeckel alikiri kosa la kibao kimoja akakiondoa katika matoleo yaliyofuata, lakini vita vya maneno viliendelea kwa miaka mingi, na michoro yake imeendelea kubishaniwa hadi karne hii.

Upande mwingine wa mizani nao usisahaulike. His alikuwa na nadharia yake kwamba damu na tishu za kuunganisha hazitokani na kiinitete chenyewe bali na sehemu ya yai inayotoka kwa mama. Wenzake waliikosoa, naye akailegeza hatua kwa hatua, kwa kuwa haikuwa sahihi. Mikrotomu haikumkinga mwenye nayo dhidi ya makosa. Iliwapa wengine njia ya kuyaona, maana mtu yeyote mwenye kifaa kama hicho aliweza kukata safu yake na kulinganisha.

Watoto ambao hawakuzaliwa

Kati ya mwaka 1880 na 1885 His alichapisha kwa sehemu tatu kazi inayohesabiwa kuwa kubwa kuliko zote alizoandika: anatomia ya viinitete vya binadamu. Kabla yake, habari za wiki za mwanzo za ujauzito zilikuwa za kubahatisha. Wataalamu walijua zaidi kuhusu kifaranga kuliko kuhusu mtoto wa binadamu.

Viinitete hivyo havikupatikana kwa kuagizwa. Vilitoka kwa wanawake ambao mimba zao ziliharibika, na wakati mwingine kwa waliofariki dunia wakiwa wajawazito. Madaktari na wakunga waliokuwa karibu na wanawake hao walivihifadhi na kuvituma Leipzig. His aliwaandikia, akawaomba, akawashukuru katika maandishi yake, na vielelezo vingi vilitambulishwa kwa herufi za majina ya madaktari waliovitoa. Majina ya wanawake hayakuandikwa. Mara nyingi kilichotajwa juu ya mama ni tarehe ya hedhi yake ya mwisho, kwa kuwa ndiyo iliyosaidia kukadiria umri wa kiinitete.

Kwa vipimo vya wakati ule jambo hilo halikumshangaza mtu. Kwa msomaji wa leo linabaki kuwa deni. Chati zinazotumiwa kumwelimisha mama mjamzito kuhusu mtoto aliye tumboni mwake zina asili yake katika huzuni ya kina mama ambao hawakuulizwa, na ambao pengine hawakujua kwamba kilichowatoka kilisafirishwa hadi maabara, kikakatwa na kuchorwa.

His alivipanga viinitete hivyo kwa hatua, kutoka wiki ya pili hivi hadi mwisho wa mwezi wa pili, akaunda jedwali la kwanza la kuaminika la ukuaji wa binadamu. Ilimlazimu pia kuamua kipi ni cha kawaida na kipi kimeharibika, na hapo hapo akaingia tena katika mabishano. Mwaka 1875 mtaalamu Wilhelm Krause wa Göttingen alitangaza kiinitete cha binadamu chenye kifuko ambacho Haeckel alitabiri lazima kiwepo. His alikichunguza kwa kukilinganisha na safu yake, akahitimisha kwamba hakikuwa cha binadamu bali cha ndege. Baada ya miaka kadhaa ya ubishi, hukumu yake ndiyo iliyokubaliwa.

Mmarekani mmoja aliyefika Leipzig miaka hiyo kusoma kwake, Franklin Mall, alirudi kwao na mbinu hizo, na baadaye akaanzisha mjini Baltimore mkusanyiko wa viinitete wa Taasisi ya Carnegie. Hatua za ukuaji wa kiinitete zinazofundishwa vyuoni leo zina jina la taasisi hiyo.

Neva inayoota kama mche

Kutokana na safu hizo za vipande ulitokea ugunduzi mwingine. Wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba ubongo na neva ni wavu mmoja ulioungana bila mwanzo wala mwisho. His alipotazama uti wa mgongo wa viinitete vichanga aliona seli zilizosimama pekee, kila moja ikitoa uzi mmoja unaorefuka kuelekea mbali. Uzi haukuwapo tangu mwanzo. Uliota kutoka kwenye seli. Mwaka 1886 alitangaza kwamba kila uzi wa neva ni tawi la seli moja, na kwamba seli hizo zinaweza kuwasiliana bila kuungana. Seli changa alizipa jina la neuroblasti, na matawi mafupi ya seli ya neva akayaita dendriti.

Mswisi mwenzake, August Forel, alifikia wazo kama hilo kwa njia nyingine karibu wakati uleule. Aliyelithibitisha kwa picha zisizosahaulika alikuwa Mhispania Santiago Ramón y Cajal. Mwaka 1889 alisafiri hadi Berlin na hadubini zake, na His alikuwa miongoni mwa mabingwa waliosogea kutazama. Cajal alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1906, akigawana na Mwitaliano Camillo Golgi. Wakati huo His alikuwa amekwisha kufa.

Hata ndani ya nyumba yake mbinu hiyo ilizaa matunda. Mwanawe, aliyeitwa pia Wilhelm, alifuatilia ukuaji wa moyo katika vipande vya mfululizo, na mwaka 1893 akaeleza kifungu cha misuli kinachopeleka mapigo kutoka vyumba vya juu vya moyo kwenda vyumba vya chini. Madaktari wanapozungumzia kifungu cha His, wanamtaja mwana, si baba.

Mifupa ya Johann Sebastian Bach

Mnamo Oktoba 1894 wachimbaji waliokuwa wakitayarisha ujenzi katika kanisa la Johanniskirche mjini Leipzig walitafuta kaburi la mtunzi wa muziki Johann Sebastian Bach, aliyefariki dunia mwaka 1750 na kuzikwa hapo bila jiwe la kumbukumbu. Lilipopatikana jeneza la mwaloni lenye mifupa ya mzee, aliitwa His.

Alifanya kama alivyozoea, yaani alianza kwa kupima. Alichukua maiti kadhaa, akapima unene wa nyama katika sehemu mbalimbali za uso, akatafuta wastani. Mchongaji Carl Seffner aliweka udongo juu ya mfano wa fuvu kwa kufuata vipimo hivyo, na sura iliyotokea ikafanana na picha za Bach zilizokuwapo. Mwaka 1895 His alitoa ripoti kwamba yaelekea sana mifupa ilikuwa ya mtunzi huyo. Wataalamu wa baadaye wameutilia shaka uamuzi huo, lakini mifupa hiyo ndiyo iliyohamishiwa katika kanisa la Thomaskirche, ambako tangu mwaka 1950 wapenzi wa muziki huweka maua. Njia ya kujenga uso kutoka fuvu imeendelezwa na kutumiwa na polisi wa nchi nyingi kutambua watu waliokufa.

Mwaka huohuo wa 1895, wataalamu waliokutana Basel walipitisha orodha moja ya majina ya Kilatini ya sehemu za mwili. Hadi wakati huo kiungo kimoja kiliweza kuwa na majina mengi, kila chuo na lake. His alikuwa miongoni mwa watu wakuu waliosimamia kazi hiyo ya miaka kadhaa, na ndiye aliyeichapisha. Katika miaka yake ya mwisho alisukuma pia wazo la ushirikiano wa kimataifa wa maabara zinazochunguza ubongo. Alifariki dunia mjini Leipzig tarehe 1 Mei 1904, akiwa na umri wa miaka 72.

Kutoka Leipzig hadi Mulago

Mikrotomu yenyewe haikubaki kama alivyoiacha. Mbinu ya kuzamisha tishu ndani ya nta ya parafini ilienea, na katika miaka ya 1880 zikatokea mashine zinazokata vipande vingi vilivyoshikana kama utepe. Mjini Cambridge moja iliundwa na Horace Darwin, mwana wa Charles Darwin; nchini Marekani nyingine, yenye gurudumu la kuzungusha, ikaundwa na Charles Minot wa Harvard. Leo kipande cha kawaida cha hospitali kina unene wa mikromita tatu hadi tano. Milimita moja ya nyama inaweza kutoa vipande mia mbili na zaidi.

Vipande kama hivyo vilibadili hatima ya watoto wa Afrika Mashariki. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alianza kufuatilia uvimbe wa kutisha uliokua kwenye taya za watoto. Alipoandika juu yake mwaka 1958 aliuita sarkoma. Wanapatholojia waliokuwa Kampala, wakiwamo Jack Davies na Gregory O'Conor, walitazama vipande vyembamba chini ya hadubini wakabaini kwamba uvimbe wa taya na uvimbe wa tumboni uliopatikana kwa watoto wengine ulikuwa ugonjwa mmoja, nao ni saratani ya seli za kinga, yaani limfoma. Kutofautisha huko kulikuwa na maana kubwa kwa mgonjwa. Upasuaji wa taya haukuwaponya watoto hao, ilhali limfoma hiyo ilidhihirika kuwa miongoni mwa saratani zinazoitikia dawa vizuri.

His hakufika Uganda, na katika maisha yake hospitali ya Mulago ilikuwa bado haijajengwa. Lakini utaratibu uliotumika ndio aliousimamia yeye: kitu kibanwe, kikatwe kwa kipimo, vipande vihifadhiwe kwa mpangilio, na mtu mwingine aweze kuvitazama na kukubali au kukataa. Kwa sababu hiyo vipande vya maabara hutunzwa kwa miaka mingi baada ya mgonjwa kupata majibu yake. Daktari wa pili, katika mji mwingine au katika kizazi kingine, anaweza kuvitoa kabatini, kuvirudisha chini ya mwanga, na kuhakiki kama yule wa kwanza aliona sawasawa.